Ukuta wa Mke Mwenzangu

Majaji watatu wa Mahakama ya Rufani walikuwa wakijadili ukuta wa sebule ya mke mwenzangu, na mimi nilikaa benchi la pili nikiutazama ukuta wenyewe. Ulikatwa kipande cha ukubwa wa sinia la kulia watu wanne, ukafungwa kitambaa cheupe, ukawekwa mezani na lakiri nyekundu kila pembe. Rangi ilichungulia pembeni mwa kitambaa. Zambarau. Mwanamke anapaka sebule yake zambarau, halafu watu wananiuliza kwa nini hatupatani.

"Waheshimiwa Majaji," alisema Wakili wa Serikali, Bi Lutengano, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtu anayesoma risiti. "Jamhuri ina pingamizi la awali. Kesi ya mauaji haijaanza kusikilizwa. Hajaapishwa shahidi hata mmoja. Mahakama Kuu imetoa uamuzi mdogo tu, kwamba lipu hii isisomwe, na utetezi umekimbilia hapa. Tukiruhusu kila uamuzi mdogo upande juu, kesi zitazeeka kabla ya kuzaliwa."

"Zitazeeka," alikubali Jaji Bashange. Yeye ndiye aliyekuwa katikati, mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kwenye mkufu. "Wakili Pazi, una jibu?"

Kondo Pazi alisimama. Ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu, na angekuwa wakili mzuri zaidi kama asingekuwa anajua kwamba ni mzuri. Ndiye aliyekuwa akimtetea mume wangu.

"Mheshimiwa, kwa kawaida Bi Lutengano angekuwa sahihi. Mahakama hii haiingii jikoni chakula kikiwa bado motoni. Inangoja kipakuliwe, ndipo iseme kama kina chumvi. Lakini lipu ikishabanduliwa ukutani huishi siku tisini tu. Leo ni ya themanini na moja. Tukingoja hukumu itolewe ndipo tukate rufaa, tutakuja hapa na ndoo ya vumbi."

Majaji waliandika. Mimi nilimwangalia Mrisho kizimbani. Amekonda. Shati alilovaa silijui, na hilo lilinichoma kabla sijajizuia, kwa sababu nguo za mume wangu nazijua zote, na ambayo siijui inatoka nyumba ya pili.

Lipu hizi zilikuja kwa heri. Baada ya lile tetemeko lililobomoa nusu ya Tabora nikiwa msichana, wataalamu walichanganya udongo na punje ndogo kuliko unga wa muhogo, punje zinazosikia. Nyumba ikianza kupasuka ndani, ukuta unajua kabla ya mwenye nyumba. Miaka kumi baadaye ndipo mtu mmoja mwenye muda mwingi akagundua kwamba punje zinazosikia ufa zinasikia pia umbeya. Kila sauti inazigeuza kidogo, tabaka juu ya tabaka, na ukiwa na chombo chake unaweza kuzisoma. Mara mbili tu. Kila usomaji unazilegeza, na baada ya wa pili unabaki na udongo wa kufinyangia.

Utauliza kwa nini wasinakili wakamaliza. Nakala siku hizi haipokelewi popote. Mashine zinaweza kumtoa marehemu bibi yako akikutukana kwa lafudhi yake kamili, na akitaja deni la kuku. Punje hakuna aliyeweza kuzighushi. Kwa hiyo mahakamani mtu akisema, wanaandika. Ukuta ukisema, wanaamini.

Ndiyo maana ikatungwa sheria ya kutulinda. Ukuta wa nyumba ya ndoa haufunguliwi mbele ya watu mpaka wote walio ndani ya ndoa hiyo wakubali: mume, mke, na wake kama ni zaidi ya mmoja. Akikataa mmoja, basi. Inaitwa zuio la mwenza. Mrisho alikubali, na Nyamizi alikubali.

Aliyekataa ni mimi.

"Mwenye zuio yupo?" aliuliza Jaji Bashange.

Nikasimama. "Nipo, Mheshimiwa. Kalunde Maganga. Mke mkubwa."

"Bi Kalunde, hebu tuelezee mwenyewe, kwa ufupi. Mumeo anashtakiwa kwa nini?"

"Ni mwangalizi wa lango la bwawa la Mtakuja, Mheshimiwa. Alhamisi ile, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri, lango lilifunguliwa kwa alama ya kiganja chake. Maji yakamchukua mlinzi, Salehe, aliyekuwa akisafisha mfereji chini. Akafa." Salehe nilimfahamu. Alikuwa mteja wangu. Nilimtengenezea jiko lake la jua mara mbili. "Polisi walipomuuliza Mrisho alikuwa wapi, alisema nyumbani, kwangu."

"Na wewe ulipoulizwa?"

"Nilisema kweli. Alhamisi ni zamu yangu, na hakuja. Nilikuwa nimekaanga samaki, Mheshimiwa, kwa hiyo nakumbuka vizuri."

Watu nyuma wakacheka. Jaji hakucheka, ila alivaa miwani.

"Kwa hiyo alidanganya polisi."

"Alinidanganya mimi, Mheshimiwa. Polisi walipita tu njiani."

Hapo hata yule jaji wa kushoto, mzee aliyekuwa kama anasinzia, alifungua jicho moja. Mimi ndivyo nilivyo. Nimezika watoto wawili, nimefilisika mara tatu, nimelala chini ya meza yangu ya ufundi na mvua inanyesha, na kila mara mdomo wangu ndio ulionivusha. Nikiacha kutania, uniandalie sanda.

Lakini mambo ndivyo yalivyokuwa. Angesema tangu siku ya kwanza kwamba alikuwa kwa Nyamizi, pengine wangemwachia. Mwanamume wa kwetu anaweza kukabili polisi, anaweza kukabili jela; kukiri kwamba alimwibia mke mkubwa zamu yake akampa mdogo, hilo hawezi. Akasema uongo mdogo wa nyumbani, na uongo huo ukamvalisha pingu. Alipokuja kusema kweli, wiki ya tatu, hakukuwa na mtu wa kumwamini isipokuwa ukuta.

"Na kwa nini umekataa usomwe?" aliuliza Jaji.

"Najua alichokuwa akifanya huko siku yangu. Sihitaji ukuta unisimulie, tena mbele ya watu wote hawa waliokosa kazi asubuhi hii."

"Unajua, Bi Kalunde, au unadhani?"

Niligeuka kukitazama kile kitambaa cheupe mezani.

"Tunaahirisha kwa nusu saa," alisema.

*

Ukumbini nje, Nyamizi alikuwa amekaa kwenye ngazi na chupa ya uji mapajani. Ana miaka thelathini na mbili. Mimi nina hamsini na moja. Nalisema hili mwenyewe ili usianze kupiga hesabu. Ni mzuri wa aina ile mbaya, asiyejua kuwa ni mzuri, kwa hiyo huna hata cha kumlaumu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Uji wa nani?"

"Wa baba. Wamesema atapewa mchana."

"Umetia ndimu?"

"Nimetia."

"Mrisho hapendi ndimu kwenye uji."

Alinitazama, kisha akatazama chupa. "Kwangu huwa anaiomba," alisema polepole, kama mtu anayeomba radhi kwa kosa asilolijua.

Miaka ishirini na sita nimempikia yule mtu uji bila ndimu. Nikakaa ngazi ya juu yake, maana chini yake nisingekaa.

Kondo Pazi akaja akijipepea na jalada. "Mtani wangu," alisema, "wewe Mnyamwezi ulibeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani, babu zako wakasifiwa dunia nzima. Huu mmoja mdogo wa kukubali ukuta usomwe unakushinda?"

"Babu zangu walilipwa. Tena walikuwa wakiwaletea nyinyi Wazaramo mizigo, mkashindwa hata kupokea. Kaa mbali na mimi, Kondo."

"Sikai mbali. Mteja wangu atafungwa maisha." Alichuchumaa, na utani ukamtoka usoni. "Kalunde, kuna mtu alinakili kiganja cha Mrisho. Sijui ni nani, na sina jinsi ya kumjua. Ninachoweza ni kuonyesha kwamba Mrisho hakuwa bwawani. Ukuta huo tu ndio nilio nao. Baada ya siku tisa, sina."

"Nimekusikia."

"Unamwonea wivu huyu?" Alimwonyesha Nyamizi kwa kidevu, kana kwamba hayupo.

"Simwonei wivu," nilisema. "Nina wivu. Kumwonea ni kitu kingine, na huko bado sijafika."

Nyamizi aliinama juu ya chupa yake. Mabega yalitikisika, nikadhani analia. Alikuwa anazuia kicheko. Nikamchukia upya, kwa sababu nilikuwa nimependa kumchekesha.

*

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mfupi. Jaji Bashange aliusoma bila kuinua macho. Mahakama ilikuwa inaingilia kati kabla ya kesi, jambo isilolipenda, kwa sababu kidhibiti kinachooza hakingoji utaratibu. Hata hivyo haikuwa tayari kuvunja zuio la mwenza kwa ajili ya mwanamume, kwa kuwa zuio hilo liliwekwa ili kuwakinga wanawake dhidi ya wanaume. "Lakini," alisema, "mtu hawezi kuzuia asichokijua. Zuio la aliyefumba macho si zuio, ni hasira. Bi Kalunde ataisikiliza lipu, usomaji wa kwanza, faraghani. Kisha atarudi hapa atuambie kama zuio linabaki au linaondoka. Mahakama itaheshimu jibu lake."

Bi Lutengano aliniangalia kwa huruma kidogo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona ana uso.

Chumba cha usikizi kilikuwa nyuma ya ukumbi, hakina dirisha, kimefunikwa sponji pande zote. Tulikuwa watatu: mimi, karani wa mahakama, na mtaalamu anayeitwa Bwana Fikiri, aliyevaa glavu na kuongea kwa kunong'ona kama yuko msibani. Alivunja lakiri moja baada ya nyingine. Zambarau yote ikaonekana.

"Hiki," alisema akiinua kikombe cha shaba chenye waya, "tunakiita sikio. Nikikiweka hapa, kitapita juu ya tabaka la robo saa ile tu. Kwenye kioo utaona mashine ikitaja wenye sauti, ikilinganisha na daftari la sauti la taifa. Ukitaka kusimama, nyanyua mkono. Ila kilichopita hakirudi."

"Weka," nikasema.

Nilikuwa nimejiandaa. Mwanamke wa umri wangu anajua mume anaenda kufanya nini nyumba ya pili. Sikuja pale kama mwari. Nilikuwa nimejiandalia kitanda, minong'ono, yale yote. Nilikuwa nimeshayasikia kichwani kwa siku themanini, na kichwani yalikuwa mabaya kuliko ukuta wowote.

Kilichokuja kwanza ni karanga.

Kah. Kah. Kah. Mtu anamenya karanga na kuzidondosha kwenye bakuli la bati. Halafu mbuzi mbali. Halafu adhana ya Alasiri, na kioo kikaandika saa: kumi na dakika kumi. Karanga zikasimama kwa heshima mpaka adhana ilipokwisha, kisha zikaendelea. Nikajua ni yeye. Mrisho husimamisha mikono yake adhana ikilia, hata kama ameshika maji ya moto. Lakini kumenya karanga? Kwangu karanga hazijawahi kumwona. Kwangu humenya mimi, hula yeye.

"Rudia ile ya sufuria," ilisema sauti ya Nyamizi. Kioo kikaandika jina lake.

"Ngoja, ngoja basi." Maneno matatu, mdomo umejaa, usijue ni mume au mke. Kioo kikabaki cheupe. Bwana Fikiri akanong'ona kwamba mashine inataka angalau maneno tisa.

Kisha nikajisikia mimi.

Sisemi mtu anayefanana nami. Ilikuwa mimi. "Mrisho, hata sufuria ina haya kukuzidi. Ikiungua inanuka, watu wakajua. Wewe ukiungua unanyamaza. Sasa nikuepue, au nikuache?" Ule mkwaruzo wangu wa koo uko pale. Ile pumzi ninayovuta katikati, ya mtu aliyepanda ngazi nyingi, iko pale. Nyamizi alikuwa akicheka mpaka akakosa hewa, kicheko cha mtu aliyevua viatu.

Mwanamume huyu niliyedhani hanisikii. Miaka ishirini na sita namtania, anatafuna, anaangalia mlango. Nikasema nimeolewa na gogo. Kumbe alikuwa ananikusanya neno kwa neno, na akijaa ananipeleka kunimwaga kwa mwingine.

Bado ningevumilia. Maneno ya sufuria nayasema hata mbele ya wageni. Ni ya kila mtu. Lakini kicheko kilipotulia, ile sauti yangu ikashuka chini, ikawa laini, ikasema, "Haya, kula, mbishi wangu."

Hilo sijawahi kulisema mbele ya mtu. Hilo ni la tukishagombana, nikishashindwa kuendelea kukasirika, namsogezea sahani kizani umeme ukiwa umekatika. Hata watoto hawalijui. Lilikuwa letu wawili, nalo ndilo alilompa.

Bwana Fikiri aliinua sikio.

"Mama," alisema akisoma kioo, na sasa hakunong'ona. "Hii imekuwaje? Sauti ya kwanza, Nyamizi Sizya. Sauti ya pili, Kalunde Maganga, asilimia themanini na nane. Kumbe ulikuwepo?"

Karani aliacha kuandika. Wote wawili waliningoja.

Nikaona njia iliyonyooka kama reli. Sikuhitaji kusema uongo. Sikuhitaji kusema chochote. Mashine imeshasema kwamba sebuleni kulikuwa na wanawake wawili wakila karanga, na mwanamume hayumo. Ningeondoa zuio kwa roho safi, ukuta ukasomwa, nao ukuta wenyewe ungemfunga. Hakuna ambaye angewahi kujua lile neno alilitoa nani kwenda kwa nani. Lingebaki langu, kwenye daftari la taifa, kwa jina langu.

"Turudi ukumbini," nikasema.

*

Karani alisoma majina mawili tu ya kwenye kioo, bila maneno. Bi Lutengano alipoyasikia alisimama haraka kuliko siku zote. "Waheshimiwa, Jamhuri inaondoa pingamizi lake. Lipu isomwe kwenye kesi. Inaonyesha mshtakiwa hakuwepo."

Kondo Pazi alikuwa wa rangi ya majivu. Alimgeukia Mrisho, wakanong'onezana kwenye ukingo wa kizimba, kisha akauma kalamu.

"Mheshimiwa," alisema, "mteja wangu anasema sauti hiyo ni yake. Alikuwa akimwigiza mke wake mkubwa."

Ukumbi ukavuma. Jaji aligonga mara moja. "Mshtakiwa, simama. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa." Mrisho ana sauti nzito, ya chini, ya kukemea ng'ombe. Hata mimi, niliyetoka kusikia, nilitilia shaka.

"Basi igiza. Bwana Fikiri yuko hapa na chombo chake. Sema maneno yaleyale."

Mrisho alishika ubao wa kizimba. Akanitazama mara ya kwanza tangu asubuhi, akaangusha macho.

"Sitaki, Mheshimiwa."

"Unaelewa unakabiliwa na kifungo cha maisha?"

"Naelewa."

"Kwa nini hutaki?"

"Yupo," alisema Mrisho.

Neno moja hilo. Nimeligeuza mara nyingi tangu siku ile, na kila upande lina ncha. Kwa Nyamizi aliweza, kwa karanga na vicheko, tena kwa kuombwa arudie. Mbele yangu, uhai wake ukiwa mezani, anaona haya. Yule mdogo alipewa mchezo, mimi nikapewa heshima. Sijui ni nani aliyekuambia mwanamke anashiba heshima.

"Bi Kalunde," alisema Jaji Bashange, na sauti yake ilikuwa tofauti, kama ya jirani. "Umesikiliza. Zuio lako linabaki, au linaondoka?"

Nikasimama. Nyamizi alikuwa benchi la mwisho. Nilijua bila kugeuka. Bi Lutengano alikuwa ameshafungua kalamu.

"Linaondoka, Mheshimiwa."

"Asante. Unaweza ku—"

"Sijamaliza. Huwezi kuusikia ukuta bila kunisikia mimi. Alhamisi ile saa kumi nilikuwa mezani kwangu sokoni, nafungua jiko la Mama Tabu, na watu kumi wataapa. Sijawahi kukanyaga sebule ya huyu binti. Ningeikanyaga ningemwambia kuhusu rangi." Wakacheka, nami nikawaacha wacheke, nikapata pumzi. "Ile sauti ni ya mume wangu. Bwana Fikiri, daftari la taifa walinirekodi nikisoma namba, mimi na wewe na kila mtu. Mimi sisemi na mume wangu kwa namba. Lete sikio lako hapa, nikupe maneno yenyewe, ulinganishe kifua kwa kifua."

Jaji aliwatazama wenzake. Yule mzee wa kushoto, macho yote mawili wazi sasa, akaitikia kwa kichwa.

Kikombe cha shaba kikawekwa mbele yangu. Nikayasema ya sufuria. Niliyasema vizuri, na mkwaruzo wake wote, kama ninavyoyasema wageni wakiwepo, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, mpaka askari. Niliposikia wamenyamaza nikajua limebaki lile moja. Ningeweza kuliruka. Kondo alikuwa ameshaanza kutabasamu. Pengine ya kwanza yangetosha.

Sikumtazama Mrisho. Nilitazama kikombe.

"Haya," nikasema. "Kula, mbishi wangu."

Hakucheka mtu.

Bwana Fikiri alichukua muda na kioo chake. Maneno kwa maneno, alisema hatimaye, kufanana kumeshuka kutoka themanini na nane hadi arobaini na moja. Pumzi iliyorekodiwa leo inatoka kifua cha mwanamke. Ile ya ukutani inatoka kifua kipana, cha kiume, kilichokazwa kwenda juu. Mashine haikuwa imeulizwa hilo mwanzo, akasema, ndiyo maana haikujibu.

Bi Lutengano alikuwa mwepesi. "Shahidi ni mke wa mshtakiwa. Ana kila sababu ya kumwokoa."

"Wiki kumi na moja alikuwa na kila sababu ya kumzamisha," alisema Jaji Bashange, "na alikuwa akiitumia. Kaa chini, Bi Lutengano."

Akasoma amri. Uamuzi wa Mahakama Kuu umetenguliwa. Lipu itasomwa mara ya pili na ya mwisho kwenye kesi, ndani ya siku tisa zilizobaki, na Bi Kalunde Maganga atasikilizwa pamoja nayo, sauti kwa sauti. "Sisi hatusemi aliyekuwa sebuleni ni nani," alisema. "Hilo ni la jaji wa kesi. Tunachosema ni kwamba asiamue akiwa ameziba sikio moja."

Kwa hiyo bado nitalisema tena, siku ya kesi, mbele ya watu wengine.

Walimtoa Mrisho kwa mlango wa pembeni, pingu mikononi. Akasimama mbele yangu, na askari, aliyekuwa bado anajifuta machozi ya kicheko, akamwachia dakika.

"Mama Mashaka," alianza.

"Nyamaza," nikamwambia. "Umeshasema ya kutosha kwa sauti yangu."

Akaondoka. Kondo Pazi alikuja akitaka kunishika mkono, nikampa begi langu anibebee, maana Mzaramo naye ajifunze.

Nyamizi alinifuata mpaka ngazini. Alikuwa analia kweli safari hii, uso umeloa wote, na hata hivyo alikuwa mzuri, Mungu ana upendeleo wake. Akanishika ukingo wa kitenge.

"Dada, sikujua lile la mwisho lilikuwa lenu. Wallahi sikujua. Naomba unisamehe."

Nikaviondoa vidole vyake kwenye kitenge, kimoja kimoja, bila kuvikaza.

"Leo nimekupa mume," nikasema. "Msamaha utaungoja. Viwili kwa siku moja sina."